Utani Mbele ya Nyumba ya Frimasoni

Habari za kifo cha Dominiki nilizipata stendi ya Msamvu, kwa mama mmoja anayeshusha karoti na kabichi kutoka Mgeta. Nilikuwa nimeinama nachagua karoti, na mimi nikichagua karoti nachagua kweli, nazigeuza moja moja mpaka wauzaji wananichukia. Akasema bila kuniangalia, "Yule mtani wenu ametutoka. Tumemzika Jumamosi." Nikaendelea kugeuza karoti. Lile neno "wenu" lilinikwama, kwa sababu mimi ni mtu wa Kondoa, si Mluguru, na sina mtani hata mmoja katika milima ile. Nilichonacho ni mwaka mmoja tu, mwaka niliopanga chumba nyuma ya nyumba ya Frimasoni, nikiwa na miaka ishirini, na Dominiki ndiye aliyeuvunja mwaka huo kwa maneno aliyoyasema mchana kweupe, mbele ya watu wote, huku akicheka. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni. Nilijaribu kumwonea huruma, haikuja. Basi nikaanza kuandika haya, na ukurasa huu wa kwanza nimeuchana mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Ndivyo nilivyo. Kitu kisiponyooka siwezi kukiacha, na mwaka ule haukunyooka popote.

Nyumba yenyewe ilikuwa chini ya barabara ya kwenda Kilakala, na ukiikabili uliiona milima ya Uluguru yote nyuma ya bati lake. Waliijenga Wazungu wa mkonge, Waingereza kwa Wagiriki, pamoja na wakubwa wa reli. Madirisha yake yalikuwa juu sana, hata mtu mrefu asingeweza kuchungulia, na juu ya mlango palichongwa kwa saruji bikari iliyotanua miguu juu ya skwea ya fundi seremala. Wazee wa mtaa waliniambia kwamba utotoni mama zao waliwakataza kupita pale jioni, kwa kuwa ndani mlikuwa na mumiani, watu wananing'inizwa kichwa chini, damu yao inapelekwa hospitali za Ulaya. Uhuru ulipokuja Wazungu wakaanza kupungua, mpaka wakabaki wachache wasiotosha hata kufungua kikao chao, wakakabidhi funguo wakaondoka. Ushirika ukaingiza mahindi humo. Nimelifikiria sana jambo hili: hofu iliyodumu tangu utoto wao iliuawa na magunia. Hakuna mtu anayeogopa nyumba anakopanga foleni ya unga. Baadaye shirika moja la umma likaichukua likaweka vyerehani, vyerehani vikaharibika, mlango ukafungwa. Halafu ikaja ruksa, serikali ikaachia biashara huria. Viwanda vikaanza kupunguza watu, maduka yakajaa sabuni ambayo watu waliopunguzwa waliitazama tu, na mtu uliyezoea kumwona akiazima baiskeli ya jirani ukamkuta ana pikapu, bila yeyote kuweza kueleza ameipataje. Mabanda ya video yakaleta mashetani wenye suti. Magazeti ya mitaani yakaleta neno kafara. Nyumba ileile, bikari ileile, ikaanza kuogopwa upya, safari hii kwa jina lake halisi, na hofu ya wajukuu ikawa mbaya kuliko ya babu zao kwa sababu ilichanganyika na wivu.

Mimi nilifika pale kwa kutafuta chumba cha bei ndogo na kimya. Sikuchaguliwa kwenda sekondari, na tangu siku majina yalipobandikwa ukutani bila jina langu nilikuwa nimejiapiza kwamba nitafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa binafsi, nikiwa nimejifundisha mwenyewe kila kitu. Nilikula kwa kudarizi vitambaa vya meza. Nikikosea ua moja nilifumua kitambaa kizima, kwa hiyo nilikuwa maskini kuliko wadarizi wote wa mji. Chumba changu kilikuwa cha mwisho katika banda la uani, banda la watumishi wa zamani, lenye sakafu ya saruji nyekundu iliyopasuka na dirisha la wavu lililoangalia jiko la Bibi Felista. Bibi Felista na mumewe, Mzee Gaspari, walikuwa wameishi humo tangu enzi za Wazungu. Gaspari alikuwa mhudumu wa ile nyumba, Bibi alikuwa mfuaji. Wenyewe walipoondoka, hawa wawili walibaki, kila mwenye nyumba mpya akawakuta na akawaacha. Mwaka huo shirika lilitangaza kuuza kila kitu, na afisa wao alikuja akasema kwamba wanaoishi katika banda watafikiriwa kwanza, mradi wawe bado wanaishi humo siku ya kuuza. Bibi aliishika kauli hiyo kwa mikono miwili. Hakuwa na shamba mjini, hakuwa na mtoto aliye hai, alikuwa na lile jiko tu. Jiko na banda vikienda, kila kitu kilikuwa kimekwenda.

Na lilikuwa jiko! Mafiga matatu makubwa chini ya paa la makuti, mabenchi mawili, meza ndefu iliyosuguliwa kwa mchanga mpaka ikawa nyeupe. Mchana walikuja wafanyakazi wa viwandani, mafundi waliotoka mikoa yote, waliopanga mtaani kwetu kwa kuwa palikuwa karibu na malori yaliyowapeleka kiwandani Mzinga na kwingineko. Walikula wali na maharage ya nazi, mchicha, na siku za Ijumaa nyama. Nilisoma historia yangu dirishani huku nikiwasikiliza. Walizungumzia nani amepunguzwa, nani atafuata, mkubwa gani amejenga. Fundi mitambo mmoja, Elisante, mtu mpole aliyetoka mbali upande wa kaskazini, alikuwa anamwita Bibi "Mama" na kila siku alifunga wali kidogo katika bakuli kumpelekea binti yake mdogo. "Anakataa wa mama yake," alisema. "Anataka wa Bibi." Bibi alimjibu, "Mwambie mama yake aache uvivu wa kuchagua mawe." Wote walicheka. Mwenyewe nilikuwa na wivu na yule mtoto, kwa kuwa bakuli lake lilipata ukoko. Naandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nilikuwa na njaa.

Gaspari alikuwa tayari mgonjwa wa kifua nilipohamia. Alikaa kwenye kiti cha kukunja karibu na jiko, na nikiweka vitabu chini alinisimulia. Siku moja alipata nguvu akanifungulia mlango wa ukumbi, maana funguo alikuwa nazo yeye. Sakafu ilikuwa ya vigae vyeusi na vyeupe kama ubao wa dirafti. Dari ilipakwa rangi ya buluu yenye nyota za dhahabu, na kona moja mvua ilikuwa imezila nyota. Nilitegemea kuogopa nikasikia harufu ya panya na unga wa zamani tu. "Walifanya nini humu, babu?" nilimwuliza. Akafikiri. "Mimi nilikuwa nje ya mlango. Walibisha, wakafunguliana, wakafunga. Nilisikia mtu anasoma, wengine wanaitikia kama kanisani. Halafu wakaenda chumba kile pale, wakala. Nyama ya kuoka, viazi, kitu kitamu cha maziwa. Wakasimama wakainua glasi kwa ajili ya mfalme wao. Wakaimba."

"Waliimba vibaya!" Bibi alipiga kelele kutoka jikoni. "Yule Mgiriki mnene alikuwa anabweka."

"Na siri yao?"

"Siri gani, mjukuu wangu? Mimi nilifua glavu zao. Kila mmoja alivaa glavu nyeupe na kitambaa kiunoni kama mpishi. Zikija kwangu Jumatatu, nilijua ya nani kwa uchafu wake. Ya yule wa reli ina wino, ya yule wa benki ina jasho. Walikuwa watu wanaoogopana, basi. Mtu mwenye raha hatoki jasho kwenye glavu." Akacheka, akakoroga sufuria. Jozi kadhaa za glavu zile zilikuwa bado sandukuni mwake, zimepigwa wanga, kwa kuwa wenyewe hawakurudi kuzichukua na yeye hakuwa mtu wa kutupa nguo safi.

Gaspari alikufa katikati ya masika. Asubuhi ya mazishi uwanja wetu ulijaa, Waluguru walioshuka milimani na majirani wa kila kabila, wote wamekanyaga matope. Jeneza lilikuwa chumbani kwao. Wanaume walipoinama kulibeba, mtu mmoja mwembamba mwenye koti la mvua akajitupa mlangoni na kutandaza mikono. Huyo alikuwa Dominiki. Alikuwa ameshuka usiku huo juu ya lori la mboga, na alfajiri nilimwona akichimba kaburi peke yake kabla vijana hawajafika. Nilikuja kuelezwa baadaye kile ambacho kila Mluguru pale alikijua tangu tumboni: kwamba kila ukoo, lukolo kama wanavyouita, una watani wake katika ukoo mwingine, na mtani ndiye mwenye msiba. Anaosha maiti, anachimba, anazika, na katikati ya kazi hiyo yote anamtukana marehemu na wafiwa kadiri anavyoweza, wala hairuhusiwi kumkasirikia. Msiba ambao mtani hakutukana ni msiba wa mtu aliyekosa watu. Dominiki na Gaspari walikuwa wametukanana tangu ujana wao. Ilikuwa ndiyo njia yao ya kupendana.

"Hatoki!" Dominiki alipiga kelele. "Maiti huyu mwizi! Amekula nyama za watu na Wazungu wake miaka yote hiyo, akanenepa, mimi mtani wake hakuniletea hata ukucha!"

Waluguru wakaangua kicheko. Bibi Felista, aliyekuwa amekaa mkekani macho yamemvimba, akainua kichwa. "Ukucha gani, mbwa wewe? Si ulikuja ukalamba sufuria?"

"Kumbe mpishi mwenyewe huyu hapa! Leta glavu zenu za uchawi, la sivyo mzee wako ataozea humu!"

Na Bibi aliinuka. Hilo ndilo ninaloliona kila nikifumba macho. Aliinuka mwenyewe, akiwa analia na kucheka kwa pamoja, akaingia ndani, akamletea glavu za Wazungu zilizopigwa wanga na kitambaa cheupe cha kiunoni. Alikuwa anamheshimu mumewe. Dominiki akazivaa, akatembea kwa kunyoosha miguu mbele ya jeneza, akagonga ubao wake mara tatu kwa kidole cheupe, akanusa, akalamba midomo. "Bado hajaiva! Jamani, mwangalieni mama huyu. Ametoa kafara mume wake. Mwakani anawatoa ninyi mnaokula wali wake!" Watu wa milimani walishikana mabega kwa kucheka. Wakamtupia Dominiki faini yake, zile sarafu anazolipwa mtani ili apishe njia, mtu akampa kipande cha tumbaku, akasogea pembeni, na jeneza likatoka.

Mimi nilikuwa nimesimama na majirani, karibu na Elisante. Upande wetu hakuna aliyecheka. Nilimwona anamtazama Dominiki kwenye zile glavu kama mtu anayesoma. "Mzee huyu ni nani?" aliniuliza.

"Mtani wao."

"Ndugu yao?"

"Ni kama ndugu."

"Basi anajua," akasema.

Nilimwambia kwamba ni maneno ya kutaniana tu, Bibi mwenyewe anacheka, angalia. Akanijibu kwa upole uleule wa siku zote, "Rehema, kwetu mtu hataniani na maiti. Mbele ya maiti watu husema kweli." Hakuwa mjinga, nataka hilo lieleweke. Alikuwa ametoka mahali ambapo msiba una ukimya wake, na katika ukimya huo akaja mtu wa karibu kabisa wa ile familia akatangaza kila kitu ambacho magazeti yalikuwa yametangaza, na mjane akatoa vazi kuthibitisha.

Arobaini haijafika Bibi aliwasha jiko tena, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Wakaja nusu. Ijumaa ya kwanza akapika nyama. Fundi mmoja kijana akageuza kipande kwa kijiko, akauliza huku akiwaangalia wenzake, "Bibi, nyama hii umetoa bucha gani?" Laiti angemtajia jina la bucha. Lakini Bibi alikuwa bado katika msiba, na katika msiba mjane wa Kiluguru akichokozwa hujibu. Alidhani kijana anamfariji. Akashika kiuno, akasema, "Bucha la mume wangu! Kuna paja moja limebaki, nikufungie?" Akacheka peke yake. Nilisikia kijiko kikiwekwa mezani, kisha kingine. Mabenchi yalisukumwa. Walikuwa na adabu, walishukuru, mmoja hata alimwambia pole. Jumatatu hakuja mtu.

Ilimchukua muda kuelewa. Aliendelea kupika sufuria nzima, kisha nusu, kisha robo, na kila siku alichungulia barabarani akiuliza kama lori la wafanyakazi limeharibika. Mimi niliyeelewa nilishindwa kulala kwa hasira. Nikabuni jambo ambalo kwa akili yangu ya miaka ishirini lilikuwa kamili kabisa: nilibeba sahani yangu nikaenda kula barazani, upande wa barabara, saa ambayo wafanyakazi wanapita. Nilikula nyama kwa kuinyanyua juu ili ionekane. Nilikula nikashiba nikaongeza, siku baada ya siku, nikiwaamkia wote kwa majina. Nilikuwa nimepanga hata tabasamu. Mama mmoja jirani ndiye aliyenieleza, akiwa amesimama mbali kidogo na ngazi: "Binti, acha. Watu wanasema wewe umeshaingizwa. Wanasema ndiyo maana unajua Kiingereza bila kwenda shule."

Kisha binti wa Elisante akaugua. Ilikuwa homa, ikageuka degedege, na kabla hawajafika naye hospitali alikuwa amekufa. Watoto walikuwa wanakufa hivyo kila masika, na kila mtu mtaani alikuwa na kaburi dogo la kukumbuka. Lakini Elisante alikuwa amempelekea wali wa Bibi miezi yote ile kwa mkono wake mwenyewe, na mtu anapotafuta kilichomuua mwanawe hutafuta kwanza mikononi mwake. Bibi alivaa kanga nyeusi akaenda kuwapa pole. Nilikwenda naye. Elisante alitoka, akasimama mlangoni pake, hakututukana. "Mama, tafadhali," alisema. "Usiingie kwangu." Njiani kurudi Bibi aliniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Wameamini kweli, mjukuu? Wameamini yale ya Dominiki?"

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano. Dominiki aliitwa kutoka Mgeta na alikuja mbio, amevaa shati la kanisani, amechanganyikiwa. Watu walikaa nyasini mbele ya ile nyumba, chini ya bikari ya saruji, na mwenyekiti alikaa kwenye kiti cha Bibi kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

"Mzee, ni wewe uliyesema msibani kwamba marehemu alikula nyama za watu?"

"Ni mimi, lakini mimi mtani wake, bwana mwenyekiti."

"Jibu swali. Ulisema?"

"Nilisema."

"Na kwamba mama huyu ametoa kafara?"

"Nilisema. Lakini ulikuwa utani."

"Kwa hiyo ulisema uongo mbele ya maiti?"

Dominiki akageuka kuwatafuta wenzake. "Si uongo. Jamani, si mnajua? Semeni basi! Mtani hasemi uongo wala kweli, anatania tu!" Walikuwepo Waluguru zaidi ya mmoja katika mkutano ule. Walikuwepo watu waliocheka siku ile mpaka wakashika mbavu, waliomtupia faini yeye mwenyewe. Niliwatazama usoni mmoja mmoja. Mwenye genge la mkaa aliangalia vidole vya miguu yake. Mwanamke aliyeuza maandazi, na ambaye wateja wa Bibi sasa walikula kwake, alikuwa anambembeleza mtoto aliyelala. Tayari ilikuwa inajulikana kwamba mfanyabiashara kutoka Dar anainunua nyumba, na kwamba mwenyekiti ndiye atakayependekeza akina nani wapewe vibanda vya biashara mbele ya nyumba hiyo.  Nimewasamehe watu wengi waliosema ovyo maishani mwangu. Wale walionyamaza siku ile sijawasamehe, na sioni sababu ya kujifanya.

Basi nikasimama mimi. Nilikuwa nimejiandaa kama kwa mtihani, nimekariri kila nilichosikia kwa Gaspari na kukisoma vitabuni, nimepanga cha kwanza na cha mwisho. Nikawaeleza Frimasoni walikuwa akina nani: chama cha wanaume wa Kizungu waliojifananisha na waashi wa zamani, ndiyo maana ya bikari na skwea, walikuwa na kiapo, walikuwa na vyeo vya kupandishana, walivaa glavu kwa heshima, walikula pamoja na kusaidiana kupata vyeo na mikataba. Nikasema ubaya wao mkubwa ulikuwa huo, kwamba walikaa humo ndani kupangiana nchi isiyo yao, na aliyewafungulia mlango hakuwahi kuruhusiwa kukaa kwenye kiti hata kimoja. Nilisema vizuri. Naona aibu kukiri kwamba katikati ya balaa lile nilijisikia fahari, sauti haikutetemeka, sikusahau hata jambo moja. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho.

"Binti, umesoma shule gani?"

"Sijasoma sekondari. Nimejisomea mwenyewe."

"Umejisomea mwenyewe," alisema, akawageukia watu. "Viapo vyao anavijua. Vyeo vyao anavijua. Hata mavazi. Na hakuna aliyemfundisha." Manung'uniko yakapita nyasini. Mtu nyuma akasema, "Si tulisema?" Nilifungua mdomo nikagundua kwamba kila nitakachoongeza kitakuwa ushahidi. Ningekuwa mjinga ningefaa zaidi. Bibi alinivuta kanga. "Kaa chini, mjukuu," alisema. "Umesema vizuri. Kaa."

Mwenyekiti akasema mtaa haumfukuzi mtu, hii ni nchi ya sheria, ila unamshauri mama, kwa usalama wake mwenyewe na kwa kuwa kuna mzazi mwenye uchungu wa mtoto, apumzike kwao kwa muda.  Bibi alipopita mbele ya Elisante akamwambia, "Baba, wali wangu haukuwa na kitu." Alitikisa kichwa, na mpaka leo sijui kama alikuwa anakubali au anakataa.

Dominiki ndiye aliyebeba vyombo. Masufuria, mwiko, sanduku, kitanda cha kamba, vyote alivipandisha yeye kwenye lori la mboga, na hakumruhusu mtu mwingine aguse. Siku ya kuuza ilipofika banda halikuwa na mtu wa kufikiriwa kwanza. Mimi nilikuwa nimeambiwa nitoke pia, nikapanga Msamvu kwenye chumba chenye kelele za mabasi, nikafanya mtihani, na Kiingereza nilipata alama nzuri. Mnunuzi alivunja banda akajenga ghala la mitumba. Sasa hivi mtaa unasema yeye ndiye Frimasoni mkubwa, na akipita wanainama kumwamkia.

Mwishoni mwa mwaka huo nilipanda lori la asubuhi kwenda Mgeta kumtazama Bibi. Nilikuwa sijawahi kufika juu vile. Kulikuwa na baridi na ukungu, matuta ya kabichi yakipanda mlima kama ngazi, na nyumba yake ya matofali mabichi ilikuwa kwenye shamba la ukoo, si mbali na kwa Dominiki. Alikuwa amekonda. Masufuria makubwa yalikuwa yamefunikwa kwa gunia ukutani, na motoni palikuwa na kisufuria kimoja, cha chai. Nilisubiri aniulize nitakula nini. Hakuniuliza. Alinipa viazi mviringo vibichi nikavipika mwenyewe, huku amenipa mgongo, na nilielewa kwamba hatampikia mtu tena, hata mimi. Tukazungumza habari za mvua na habari za mtihani wangu.

Alasiri Dominiki akaja, amebeba mzigo wa kuni begani na kabichi mkononi. Alisimama mlangoni kama alivyosimama siku ile, akatandaza mikono, akajaribu. "Kizee hiki bado hakijafa? Mimi nimekuja kurithi sufuria!" Nilimwona anasubiri, mdomo umebaki wazi nusu, tayari kucheka.

"Karibu, Bwana Dominiki," Bibi alisema. "Asante kwa kuni. Karibu kiti."

Alisema kwa adabu kamili, kama unavyomwambia afisa au mgeni wa padri. Dominiki alishusha mikono. Hakukaa. Alizitua kuni, akazipanga moja juu ya nyingine kando ya ukuta, taratibu, na alipomaliza hakuwa na kazi nyingine ya kufanya.

"Nitukane, Felista," akasema. "Hata neno moja."

Bibi alimmiminia chai, akaweka sukari, akamkabidhi kikombe kwa mikono miwili. Kisha akamwuliza kama barabara ya huko kwake ina matope sana.